Pakiti Tatu Mlangoni

Mteja anayeingia saluni mjini Embu au Meru ni nadra kutaja rangi kwa jina. Hutaja namba. "Nisuke na 33." "Changanya 1 na 27." "99J imeisha?" Pakiti za nywele za kusukia huwa zimening'inia ukutani kutoka karibu na dari hadi usawa wa kioo, kila moja na namba yake: 1 ni nyeusi tii, 1B ni nyeusi iliyolegezwa kidogo, 2 na 4 ni kahawia, 27 ni rangi ya asali, 30 na 33 ni kahawia yenye wekundu, 350 ni shaba, 99J ni damu ya mzee, na 613 ni ile manjano iliyopauka ambayo wengi huiita blondi. Hesabu hii haikubuniwa Mlima Kenya. Ilikuja na biashara ya wigi na nywele za bandia kutoka ng'ambo. Lakini msichana wa Runyenjes aliyemaliza kidato cha nne wiki jana anaijua vizuri kuliko jedwali la elementi alilofanyia mtihani.

Hilo la kidato cha nne si mzaha. Shule nyingi za umma nchini Kenya huwataka wasichana wakae na nywele fupi, au wasuke mistari tu bila nyongeza. Miaka ambayo msichana angekuwa anajaribu-jaribu rangi hupita akiwa amenyolewa, na karatasi ya mwisho ya mtihani wa KCSE ikishakusanywa, foleni huanza saluni. Kisha huja chuo. Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, KeMU, kilipata hati yake mwaka 2006, Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vikafuata mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Chuo kikipanuka, saluni huchipuka mbele ya lango lake. Wanafunzi hao ndio walioshusha 27 na 350 kutoka ndoano za juu, zilikokuwa zikipigwa vumbi, hadi zile za mkononi.

Mwandishi wa makala haya alizijua rangi akiwa kwenye viti vya saluni hizo, kwanza Embu, katika chumba cha mabati karibu na stendi, na baadaye Makutano, Meru, kazi ilipompeleka huko. Alikuwa mteja tu. Lakini kusukwa huchukua saa nyingi, na anayesukwa hana pa kwenda. Husikiliza. Hutazama wengine kwenye kioo, akaona nani anatoka akicheka na nani anafunga kitambaa kabla hajafika barabarani. Vitabu vya urembo alivikuta baadaye, na vingi vilimshangaza kwa kujua machache kuliko msusi wake wa Embu.

Msusi huyo alikuwa na desturi ambayo wateja wageni waliiona ni usumbufu. Mteja akitaja namba, hakubishana naye. Alishusha pakiti tatu: ile iliyotajwa, nyingine iliyokolea kuliko hiyo, na ya tatu ambayo mteja hakuwa ameifikiria kabisa. "Twende hapa mlangoni kidogo, dada," alisema, na mteja akainuka na kitambaa chake shingoni. Nje, juani, kila pakiti iliwekwa begani, karibu na shavu. Msusi hakuzitazama nywele. Alitazama chini ya macho na pembeni mwa mdomo. Rangi ikimkubali mtu, alieleza, vivuli vya pale hupungua na macho huonekana yameamka. Ikimkataa, ngozi hugeuka kijivu na mtu akaonekana hajalala. Kisha alimpa mwenyewe kioo cha mkononi. Wengi walibadilisha namba hapo hapo bila kushawishiwa na mtu.

Kutoka nje kuna sababu ya kifizikia. Taa nyeupe za mirija zinazotumika saluni hazitoi mwanga uliotimia kama wa jua. Kuna rangi zinazotolewa kwa wingi na nyingine, hasa za upande wa wekundu, zinazopunjwa. Nywele mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa na kuachana waziwazi barabarani. 99J ndiyo msaliti mkubwa: ndani huonekana karibu nyeusi, nje huwaka. Na jua la huku si la kubahatisha. Ikweta inapita kusini kidogo tu mwa mji wa Meru, na miji yote miwili iko juu, kati ya mita 1,300 na 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, ambako miale ya urujuanimno ina nguvu zaidi kuliko Pwani. Jua hilo huonyesha rangi, na pia huichujua. Wekundu wa dukani ndio hutangulia kufifia.

Jambo jingine alilolifanya msusi wa Embu bila kulitangaza ni kumkunja mteja mkono wa blauzi. Alitaka kuiona ngozi ya ndani ya mkono, halafu ya shingo. Uso hauaminiki: umepigwa na jua, umepakwa poda, pengine umepakwa krimu ya kujichubua. Shirika la viwango, KEBS, lilikwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini krimu hizo hazijawahi kukosa njia ya kufika sokoni. Uso unakuwa mweupe, vifundo vya vidole vinabaki vilivyokuwa. Nywele zilizochaguliwa kwa kufuata uso wa krimu huwa ngeni kwa shingo, na krimu ikiachwa huwa ngeni kwa uso pia.

Elimu iliyochapishwa imechelewa kufika mlango ule. Mwaka 1980 Mmarekani Carole Jackson alitoa Color Me Beautiful, kitabu kilichouzwa kwa mamilioni, kikiwagawa watu katika majira manne ya Ulaya na Marekani na kumpa kila mmoja rangi za majira yake. Watu weusi karibu wote walitupwa kwenye majira ya baridi. Msusi aliyewahudumia wateja watano asubuhi moja, kila mmoja na ngozi yake, hawezi kuelewa bara zima linavyokaa fungu moja. Kipimo cha ngozi cha daktari Thomas Fitzpatrick, cha mwaka 1975, nacho kilianza na ngozi nyeupe peke yake. Za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Hata ule ushauri unaorudiwa kila mahali, wa kutazama mishipa ya kifundo cha mkono kama ni ya kijani au ya buluu, humwacha mtu mweusi amekodoa macho asione mshipa wowote. Ni mwaka 2022 tu ndipo Google ilipotangaza kipimo cha ngazi 10 kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk wa Harvard, ambacho kinazipa ngozi nyeusi nafasi ya kutosha.

Wakenya wenyewe walikwisha kujigawa zamani. Kuna mweusi tii, kuna maji ya kunde, kuna rangi ya thao, kwa heshima ya noti ya kahawia ya shilingi 1,000. Ni lugha ya mtaani, na ina utani wake na ubaguzi wake, lakini inashika jambo ambalo ngazi za mwanga na giza hazilishiki: ngozi mbili zenye weusi sawa zinaweza kuwa na asili tofauti chini yake, moja ya wekundu, nyingine ya manjano, nyingine inayovuta kwenye buluu. Melanini ndiyo yenye sauti kubwa, lakini damu inayopita chini ya ngozi nayo inachangia. Njia rahisi aliyoipenda msusi wa Makutano ilikuwa hereni: ya dhahabu sikio hili, ya fedha sikio lile, mteja atoke mlangoni. Dhahabu ikimng'arisha, akatafutiwe kwenye 27, 30, 33 na 350. Fedha ikimng'arisha, aanzie 1B na 99J. Zote mbili zikimpendeza, na wapo wengi, basi ana bahati na achague kwa roho yake.

Halafu kuna suala la umbali kati ya rangi ya nywele na ya ngozi. Mwalimu mmoja kutoka upande wa Nkubu, maji ya kunde kamili, alikuja akiitaka 27. Dhahabu ilimpenda, kwa hiyo kwa hesabu ya hereni alikuwa sahihi. Lakini pale mlangoni nywele na shavu vilikuwa rangi moja, na uso ukakosa mpaka. Ukimtazama kutoka ng'ambo ya barabara huoni macho yanaanzia wapi. Pakiti ya 33 ilikuwa na joto lile lile, ila imezama ngazi kadhaa chini, na sura yake ikarudi. Hilo halimo katika vitabu vya majira, vinavyosisitiza mtu afanane na rangi zake. Kwa ngozi ya katikati, kufanana mno ndiyo hasara.

Kinyume chake alikuwa mwanafunzi mweusi tii ambaye shangazi zake walimwambia blondi ni ya Wazungu. Msusi alimwekea 613 begani na saluni nzima ikanyamaza, kisha ikaanza kusema kwa pamoja. Ilimkaa. Weusi ulioiva na manjano iliyopauka hupishana kwa mbali sana kiasi kwamba kila kimoja hukiinua kingine. Kilichomkataa ni zile rangi za katikati zisizo na joto, kahawia za kijivujivu zinazopendwa kwenye picha za Ulaya: zilimtia vumbi usoni. Msusi aliongeza sharti moja tu, kwamba sehemu ya juu karibu na ngozi ya kichwa isukwe kwa 1, ili manjano yasianze ghafla na ili nywele zake mwenyewe, ambazo ni nyeusi, zisionekane kama kosa zikianza kuota.

Si kila nyumba ilishangilia. Wanawake wengine waliorudi kijijini na 350 walipokewa na cucu zao, yaani nyanya zao, kwa wasiwasi badala ya sifa. Kwa mzee aliyelea watoto wakati wa njaa, nywele nyekundu nyepesi kichwani mwa mtu mweusi ni dalili ya unyafuzi. Yuko sahihi kitabibu: mtoto anayekosa lishe ya kutosha anaweza kupoteza weusi wa nywele zikawa nyekundu au za kutu, na ugonjwa wenyewe uliingia katika vitabu vya tiba ya Kizungu miaka ya 1930 kupitia daktari Cicely Williams aliyekuwa Gold Coast, Ghana ya leo. Msusi wa Embu alilijua hilo na aliwaonya mapema waliokuwa wakienda nyumbani kwa ruracio, sherehe ya mahari. Wekundu wa 33, uliozama kwenye kahawia, haukumtia cucu hofu. Shaba ya 350 ilimtia.

Yote haya yamekuwa juu ya nywele za kuongezea, na kwa makusudi. Nyuzi za plastiki kama Kanekalon, zinazotengenezwa na kampuni ya Kaneka ya Japani, huja zikiwa na rangi yake kutoka kiwandani. Kenya ina viwanda vyake vya nywele pia; chapa ya Darling, ambayo ilinunuliwa na Godrej ya India, iko kwenye karibu kila ukuta wa saluni kuanzia Embu hadi Maua. Mtu anaweza kuvaa 30 kwa wiki sita, akapima maneno ya watu na picha za harusi, na ikimchosha akafumua. Kichwa chake hakijaguswa na kemikali. Mwandishi haoni kwa nini mtu aruke hatua hiyo akakimbilia kisanduku cha rangi.

Kisanduku kina historia ndefu. Mwaka 1907 mkemia Eugène Schueller wa Paris alitengeneza rangi ya nywele ya kemikali, na kampuni iliyozaliwa hapo ndiyo L'Oréal, ambayo mwaka 2013 ilinunua Nice & Lovely ya Kenya. Kinachobaki bila kubadilika ni picha iliyo mbele ya visanduku vingi: mwanamke ambaye nywele zake zilikuwa kahawia tangu mwanzo. Wenye taaluma huzipanga nywele kuanzia 1, nyeusi, hadi 10, blondi nyepesi kabisa. Mtu wa Meru huanzia 1 au 2. Rangi ya kahawia ya ngazi ya 6 ikipakwa juu ya nywele hizo bila kuziinua, haionekani. Labda juani itatoa mng'ao kidogo.

Kuziinua ni kazi ya peroksidi. Huuzwa kwa namba zake pia, 10, 20, 30 na 40, yaani asilimia 3, 6, 9 na 12. Ikishirikiana na amonia au unga wa blichi, hufungua magamba ya unywele na kuivunja melanini iliyo ndani, na hapo ndipo tatizo la nywele nyeusi hujitokeza: haziendi moja kwa moja kwenye asali. Hupitia kahawia nyekundu, kisha nyekundu, kisha chungwa, kisha manjano. Anayeacha njiani kwa kuogopa hubaki na chungwa asiloliomba. Anayeng'ang'ania hadi manjano kwa siku moja hubaki na nywele zinazokatika zikichanwa. Nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha ndizo huumia zaidi, na wasusi waangalifu hukataa kuweka dawa na rangi siku moja. Huacha angalau wiki mbili katikati. Hapa ushauri wa mlangoni husaidia kupunguza safari. Ngozi inayokubali 33 haihitaji kufika manjano. Inaweza kusimama kwenye kahawia nyekundu, ambako nywele nyeusi zenyewe hutaka kusimama, na nguvu ya unywele ikabaki.

Wekundu huo una wenyewe wa zamani. Ukiteremka kutoka Meru hadi Isiolo utawakuta wazee wa Kisomali wenye ndevu za hina, rangi ya chungwa iliyoiva, na morani wa Kisamburu waliopaka nywele udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Udongo huo hupata rangi kutokana na oksidi ya chuma, ile ile inayoufanya udongo wa mashamba ya kahawa ya Embu kuwa mwekundu. Hina hufanya kazi kwa njia yake: jani la mhina lina lawsoni, ambayo hujishika kwenye unywele bila kuinua weusi wake. Ndiyo sababu mvi zinageuka chungwa huku nywele nyeusi zikipata tu mng'ao wa kutu ukizielekeza juani. Watu hawa hawakusoma Carole Jackson. Waliona nini kinawaka kwenye ngozi nyeusi chini ya jua la Kaskazini, wakabaki nacho.

Hina safi ni ya chungwa au nyekundu daima. Inayoitwa hina nyeusi imeongezwa kitu, na kitu hicho mara nyingi ni parafenilinidiamini, PPD kwa kifupi, ambayo ndiyo msingi wa rangi nyingi nyeusi za nywele na wa piko linalochorewa maua Pwani. Umoja wa Ulaya hauiruhusu kuzidi asilimia 2 katika mchanganyiko unaofika kichwani. Nchini Sudan, ambako imeuzwa ikiwa unga mtupu wa kuchanganya na hina, hospitali za Khartoum zimewapokea kwa miaka mingi watu waliovimba koo na kuharibika figo baada ya kuinywa. Kichwani madhara yake mara nyingi huwa madogo kuliko hayo, lakini mzio wake ukishaanza haurudi nyuma. Kupaka tone nyuma ya sikio na kusubiri saa 48 ni jambo ambalo saluni chache hulifanya, kwa kuwa mteja aliyekuja leo anataka kutoka leo.

Wanaotumia PPD zaidi katika miji hii pengine ni wanaume. Kinyozi wa Makutano humaliza kunyoa, akauliza, "Mzee, tuweke nyeusi?" na brashi ikapita kichwani na kidevuni. Tatizo ni kwamba nyeusi hiyo ni ile ya namba 1, isiyo na hata chembe ya kahawia, na wengi wa miaka sitini hawakuwa nayo hata wakiwa na ishirini. Ngozi imelegea na kupoteza wekundu wake. Weusi mkali hulichora kila kunjo. Baadhi ya wanawake waliokuwa wakienda Embu kuficha mvi walihamishiwa na msusi wao kwenye kahawia nzito, ngazi ya 3 au 4, na mvi zikaonekana kama miale. Mmoja, nesi aliyestaafu, aliziacha nyeupe kabisa baada ya kuwekewa kitambaa cheupe begani na kujitazama. Wanaume wa kinyozi bado hawajapelekwa mlangoni.

Desemba ndiyo huwa na mtihani mkubwa. Watu wa Nairobi hupanda kwa Krismasi na vichwa vya kila rangi, na kufikia tarehe 27 wenyeji wanazitaja namba walizoziona kanisani. Pakiti za 33 na 99J huisha mapema na wenye saluni hupiga simu Nairobi ziongezwe kwenye matatu ya jioni. Msusi wa Embu, kwa siku hizo, huanza kuwapanga wateja kwenye benchi la nje kabisa, kila mmoja na pakiti zake tatu mapajani, wakipimana wenyewe kwa wenyewe na kubadilishana huku wakingoja zamu.